Mgeni na Lugha ya Wenyeji

Wahenga walituachia methali mbili ambazo, zikitazamwa juujuu, huonekana kana kwamba zagombana. Moja yasema, "Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho." Ya pili yasema, "Mwacha mila ni mtumwa." Ya kwanza yamwamuru mgeni afuate ada za wenyeji wake, ya pili yamwonya asije akapotea katika ada hizo. Mtu akaaye ugenini husimama kati ya methali hizi kila siku. Je, aifuate ipi?

Na tuchukue mfano wa Ucheki, nchi iliyo katikati ya Ulaya. Katika miaka ya 1960, nchi hiyo ilipokuwa ingali imeungana na Slovakia, vijana wa Kenya walikuwa miongoni mwa Waafrika waliokwenda huko kutafuta elimu. Katika mji wa Praha palikuwa na chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1961 kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, nacho kilidumu hadi 1974. Kabla ya kusomea udaktari au uhandisi, mgeni aliketi kwanza kujifunza Kicheki. Nchi hizo mbili zilitengana mwaka 1993, lakini Kicheki hakijawa chepesi kwa mgeni wa leo.

Lugha hiyo ina maneno kama "krk", yaani shingo, na "prst", yaani kidole, yasiyo na irabu hata moja. Tena jina hubadilika mwisho wake kwa hali saba, kwa kadiri ya kazi yake katika sentensi. Mji ni Praha. Lakini aendaye huko huenda "do Prahy", na akaaye huko hukaa "v Praze". Tusistaajabu sana. Mcheki ajifunzaye Kiswahili naye hutoka jasho atakapo kujua kwa nini kiti ni kizuri, mti ni mzuri, na jiwe ni zuri.

Walakini ugumu mkubwa si wa ulimi, bali ni wa moyo. Mtu mzima aliyekuwa akisikizwa barazani kwao hujikuta anasema kama mtoto mchanga. Huomba mkate kwa kuuonyesha kwa kidole. Hapo hushawishika kukimbilia Kiingereza, ambacho vijana wengi wa mijini huko hukijua siku hizi, au kujifungia pamoja na watu wa kwao tu. Njia hiyo yaweza kumpatia mkate, lakini haitampatia jirani. Mzee akaaye mlango wa pili hatapata kumjulia hali, wala yeye hatajua mzee huyo ana msiba gani. Atakula katika nchi ile miaka mingi, na asiwe mtu kwa mtu yeyote.

Kinyume chake, ajitahidiye hugundua jambo la kufurahisha. Huko mtu akiingia katika duka dogo husema "Dobrý den", yaani siku njema, na atokapo huaga. Aingiapo nyumbani mwa watu huvua viatu mlangoni. Haya si mageni kwetu. Mtu wa pwani hakanyagi mkeka kwa viatu, na apitaye bila salamu huhesabiwa kuwa hana adabu. Maneno ni mengine, utu ni ule ule.

Lakini je, mwenye kufuata hivyo hageuki mtumwa? Historia ya Wacheki wenyewe yajibu. Baada ya wakuu wa nchi hiyo kushindwa vitani karibu na Praha mwaka 1620, Kijerumani kilizidi kupata nguvu, hata kikashika ofisi na shule za juu. Na waliokiinua tena Kicheki walikuwa watu waliokijua Kijerumani barabara. Josef Dobrovský alieleza sarufi ya Kicheki katika kitabu cha mwaka 1809 alichokiandika kwa Kijerumani. Josef Jungmann akatoa kamusi ya Kicheki na Kijerumani, yenye majuzuu matano, kati ya 1834 na 1839. Ikiwa waliowekewa lugha ya wenye nguvu hawakupotea, yawaje apotee yule ajifunzaye kwa hiari yake? Utumwa hauanzi siku mtu ajifunzapo lugha ya mwenziwe. Huanza siku aionapo haya lugha ya mamaye.

Basi methali zetu hazigombani. Ya kwanza yasema fumba, haisemi toboa. Na jicho lililofumbwa hufumbuka. Wewe kijana usomaye, huenda siku moja ukaitwa ugenini na masomo au kazi. Jifunze lugha ya watu hao, kwani hilo ni deni la mgeni. Na mgeni ajapo kwetu akakivunjavunja Kiswahili, usimcheke. Msahihishe kwa upole, kwani hilo nalo ni deni la mwenyeji.