Dada wa Kuchaguliwa



Dada hachaguliwi. Mtu huzaliwa akamkuta, au huletewa akiwa mchanga amefungwa ndani ya khanga, akaambiwa, "Huyu ni mdogo wako." Hakuna anayeulizwa kama amempenda. Awe mpole au mkali, mzuri wa sura au wa kawaida, ni dada. Na siku ya msiba utamwona amefika kabla ya wengine. Ndiyo maana neno hilo lina uzito katika lugha yetu.

Basi wako dada wa namna nyingine, ambao hupatikana kwa kura. Twataka kusimulia habari zao leo, si kwa kuwacheka watu wa mbali, bali kwa sababu habari zao zaleta swali ambalo hata sisi hatujalijibu vema. Swali ni hili: Watu wakiketi pamoja kuamua nani aingie kwao na nani abaki nje, je, wana deni gani kwa yule anayebaki nje?

Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani kuna vyama vya wasichana viitwavyo sororiti. Jina hilo latoka katika neno la Kilatini lenye maana ya dada, na vyama vyenyewe huitwa kwa herufi za Kiyunani, kama vile Kappa Alpha Theta au Alpha Kappa Alpha. Mwanachama humwita mwenzake dada, na uanachama wake hauishi amalizapo masomo, bali huendelea naye hata uzeeni. Mara nyingi chama huwa na nyumba yake karibu na chuo, ambamo wanachama hula pamoja na baadhi yao hulala. Huchanga fedha za kusaidia wenye shida, husaidiana katika masomo, na baadaye husaidiana hata katika kutafuta kazi.

Namna ya kuingia ndiyo tunayotaka kuitazama. Tuchukue mfano wa Chuo Kikuu cha Alabama, katika mji wa Tuscaloosa, ambako jambo hili ni kubwa kuliko mahali pengi. Katika miaka ya karibuni, kila mwezi wa Agosti kabla ya masomo kuanza, wasichana zaidi ya 2,000 hujiandikisha kutafuta chama. Huenda nyumba hata nyumba, kikundi kwa kikundi, wamevaa nguo zao nzuri. Mlango hufunguliwa, wenyeji huimba na kupiga makofi, kisha msichana huzungumza na mwenyeji mmoja kwa dakika chache. Akiondoka huyo huja mwingine. Ametoka wapi? Anasoma nini? Apenda nini? Baadaye wenyeji humpima kwa kura, na msichana naye huandika ni nyumba zipi zilizompendeza zaidi. Kompyuta hulinganisha maandishi ya pande zote mbili, na msichana hupewa orodha ya nyumba zinazotaka arudi tena. Nyumba isiyomtaka haimwelezi sababu. Jina la nyumba halimo katika orodha, basi.

Siku kwa siku orodha hupungua, mpaka siku ya mwisho ambapo kwa kawaida hubaki nyumba mbili. Kisha huja siku ya mwaliko. Pale Alabama wasichana hukusanyika katika uwanja mkubwa wa mpira, kila mmoja na bahasha yake, wakazifungua kwa wakati mmoja; halafu hukimbia kwenda katika nyumba zao wakipiga kelele za furaha. Lakini wako wasiofika uwanjani, kwa kuwa orodha yao ilikwisha kabla ya siku hiyo. Wanafunzi wakubwa huwekwa kuwaongoza wageni hao, na katika siku hizo huficha wao wenyewe ni wa chama gani, wasije wakampendelea mtu. Sehemu moja ya kazi yao ni kukaa na yule anayelia.

Je, pana ubaya hapo? Tusihukumu kwa haraka. Chuo chenye wanafunzi zaidi ya 35,000 ni kama mji. Msichana wa miaka 18 aliyetoka kwa wazazi wake juzi aweza kukaa humo miezi mingi bila mtu kulijua jina lake. Kupata nyumba yenye watu wanaomjua, na watakaouliza akikosekana mezani, si jambo dogo. Wala nyumba moja haiwezi kuwachukua wote. Tena urafiki haudaiwi. Hakuna awezaye kwenda mahakamani kudai apendwe. Na tukumbuke kwamba msichana naye huchagua, na nyumba nazo hukataliwa.

Hata hivyo, kuchaguana huko hakuwafanyi watu wawe wakweli. Mwaka 1991 wataalamu wawili wa uchumi, Susan Mongell na Alvin Roth, walichapisha uchunguzi wao juu ya desturi hiyo. Waliona kwamba wasichana wengi, walipofika mwisho, waliandika nyumba moja tu ingawa waliruhusiwa kuandika zaidi. Hawakufanya hivyo kwa kuwa hawakupenda nyumba nyingine, bali kwa hesabu ya kujihadhari. Roth ndiye aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2012, pamoja na Lloyd Shapley, kwa kazi yao juu ya kulinganisha watu na nafasi. Basi hata aliye na haki ya kuchagua hujifunza kuficha lililo moyoni.

Lakini ni historia ya vyama hivi inayotugusa zaidi. Chuo cha Indiana Asbury, ambacho leo chaitwa DePauw, kilianza kupokea wanawake mwaka 1867. Walikuwa wachache, na vyama vya wanaume havikuwapokea kuwa wanachama. Mwaka 1870 wasichana wanne wakaanzisha chama chao wenyewe, yaani Kappa Alpha Theta. Mwaka 1908 wanawake weusi katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington, wakaanzisha Alpha Kappa Alpha, katika nchi ambayo milango mingi ilikuwa imefungwa mbele yao. Mwaka uliofuata wasichana saba Wayahudi wakaanzisha Alpha Epsilon Phi katika Chuo cha Barnard, New York. Na mwaka 1913 wasichana 22 wa Howard wakaunda Delta Sigma Theta. Chama hakijatimiza hata miezi miwili, wakatoka kuandamana mjini Washington kudai wanawake wapewe haki ya kupiga kura.

Twaona basi kwamba nyumba nyingi za namna hii zilijengwa na watu waliokuwa wameachwa nje. Hiyo ni sifa njema kwao. Aliyefungiwa mlango hakukaa kulalamika kizingitini; alikata miti akajenga.

Angalieni sasa yaliyofuata. Vyama vingi vya wasichana weupe, ambavyo mama zao walifungiwa mlango, vilifunga mlango wao kwa miaka mingi mbele ya weusi na Wayahudi, vingine kwa kanuni iliyoandikwa na vingine kwa desturi isiyoandikwa. Kanuni zikaja kufutwa, lakini desturi haifutiki kwa kalamu. Mwezi wa Septemba 2013, gazeti la wanafunzi wa Alabama liitwalo The Crimson White lilieleza jinsi msichana mweusi mwenye alama za juu sana za masomo alivyokosa mwaliko katika kila nyumba ya vyama vya desturi ya weupe. Miaka 50 ilikuwa imepita tangu wanafunzi weusi Vivian Malone na James Hood walipoandikishwa chuoni hapo, huku gavana amesimama mlangoni kuwazuia. Baada ya habari ile wanafunzi na walimu waliandamana, uongozi wa chuo ukaamuru mlango wa kualika ufunguliwe tena, na baadhi ya wasichana weusi wakaalikwa na kuingia.

Jambo moja katika habari ile lilitushangaza kuliko yote. Wanachama kadhaa walisema kwamba wao walimtaka. Walisema waliozuia ni wanachama wa zamani waliokwisha kuhitimu. Nani basi aliyemkataa? Ukiuliza chama, utaambiwa ni kura. Ukimwuliza mpiga kura, atasema yake ilikuwa moja tu. Ukiuliza kompyuta, yenyewe ilihesabu tu. Msichana amekataliwa kweli, machozi yake ni ya kweli, lakini aliyemkataa hapatikani. Watu wengi wakishika kisu kimoja, kila mmoja husema mkono wake haukukata.

Hapo ndipo tulipoacha kuitazama Alabama tukajitazama wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tuliketi, watu sita, kuamua juu ya mama mmoja kijana aliyeomba kuingia katika kwaya. Sauti yake ilikuwa nzuri. Hilo hakuna aliyelikana. Lakini alikuwa mgeni mtaani, akiuza vitumbua kituo cha basi, wala hatukuwajua watu wake. Mmoja wetu akasema, "Sare ni ghali, hataweza." Mwingine akasema, "Tungoje kidogo, tumwangalie." Waliobaki tulinyamaza. Akaambiwa kwamba nafasi zimejaa. Nafasi zilikuwapo tatu. Hakuomba tena. Hata leo twampita pale kituoni. Hutuamkia kwa adabu, nasi hununua vitumbua vyake tukitazama sahani. Katika sisi sita hakuna aliyewahi kusema, "Mimi ndiye niliyemkataa." Na kwa kuwa hakuna aliyesema hivyo, hakuna aliyekwenda kumwomba radhi.

Basi twarudi katika swali letu. Hatusemi kuchagua ni dhambi. Kwaya haiwezi kumpokea ye yote asiyeweza kuimba, na nyumba yenye vitanda 60 haiwezi kulaza watu 100. Twasema tu kwamba wanaochagua wana deni la mambo mawili kwa yule wanayemwacha.

La kwanza, sababu ya kumwacha iwe ni sababu ambayo wangeweza kumwambia usoni. "Vitanda vimejaa" yaweza kusemwa, kama vimejaa kweli. "Hatukukujua vema, muda ulikuwa mfupi" yaweza kusemwa. "Rangi yako," "viatu vyako," "mama yako hakuwa mmoja wetu," hayo hayasemeki usoni kwa mtu, na kwa hiyo hayafai kuwa sababu hata yakifichwa ndani ya kura.

La pili, kila mmoja akiri sehemu yake. Aliyepiga kura amekataa. Aliyenyamaza naye amekataa.

Mtu aweza kusema kwamba kumweleza msichana sababu zote ni ukatili, na kwamba ukimya humsitiri. Kweli, si kila jambo la kweli hufaa kutamkwa. Lakini sisi hatukusema lazima sababu itamkwe. Tumesema iwe ya namna inayoweza kutamkwa. Tena ukimya humsitiri nani? Yule aliyeachwa hakai bila sababu. Asipopewa hujitungia mwenyewe, na usiku, akiwa peke yake, hujitungia iliyo mbaya kuliko zote: kwamba hafai. Anayesitiriwa na ukimya, mara nyingi, ni yule aliyechagua.

Na kwa ye yote aliyeachwa, awe msichana wa Tuscaloosa au mama wa vitumbua, twapenda kusema neno moja. Mazungumzo ya dakika kumi hayawezi kumpima mtu. Wahenga walisema, mchagua nazi hupata koroma; hawakusema kwamba nazi iliyoachwa chini ilikuwa mbovu. Waliokuacha wamekupa habari za meza yao, hawakukupa habari za thamani yako.

Tena wanaopenda kuitana dada na wakumbuke neno hilo limetoka wapi. Yule mchanga katika khanga hakupigiwa kura. Tulipewa, tukampokea, na baada ya kumpokea ndipo tulipojifunza kumpenda. Vyama vya kuchaguana vyaweza kuiga mwisho wa jambo hili, yaani kupendana na kufika mapema siku ya msiba. Mwanzo wake haviwezi kuuiga. Basi na viwe wanyenyekevu mlangoni.

Nasi sita, au tuliosalia wa wale sita, tumekubaliana kwenda kituoni Jumamosi hii. Safari hii hatuendi kwa ajili ya vitumbua.