Usiuze kwa Kanzu ya Kuazima

Kila sifa njema ni ya Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aliyekuwa mfanyabiashara kabla ya kupewa utume.

Ndugu zangu, wengi wetu tunauza kitu. Katika chumba kimoja tu cha hosteli kule Kikoni utakuta manukato, hijabu, asali, viatu vya mitumba kutoka Owino na mafuta ya habasoda. Ni jambo jema, ada haijilipi yenyewe. Ninachotaka tuzungumze ni namna tunavyomfanya mteja atuamini.

Wanaosoma masoko huenda wamekutana na kitabu cha Robert Cialdini, Influence, kilichotoka Marekani mwaka 1984. Anataja njia sita za kumshawishi mtu, na mojawapo ni mamlaka: watu humfuata wanayemwona kuwa mjuzi. Kisha anaonyesha jambo la kutisha kidogo, kwamba hata ujuzi usipokuwepo, cheo na mavazi vinaweza kutosha. Mfano wake ni Robert Young, mwigizaji aliyepata umaarufu kwa kuigiza daktari kwenye televisheni, akatumiwa kutangaza kahawa ya Sanka. Hakuwa daktari hata siku moja, na kahawa iliuzika.

Mtume (s.a.w.) alikwisha kuligusa hilo. Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) kwamba mwanamke mmoja aliuliza kama ana kosa akijidai mbele ya mke mwenzake kuwa mumewe amempa kitu ambacho hakumpa. Mtume akamfananisha mtu wa namna hiyo na aliyevaa nguo mbili za uongo. Kwa nini nguo, tena mbili? Baadhi ya wanazuoni walieleza kuwa zamani, panapotakiwa shahidi wa uongo, aliletwa mtu mwenye sura ya heshima, akavaa nguo mbili nzuri, na ushahidi wake ukapokelewa kwa ajili ya yale mavazi. (Wahenga wetu nao wana methali yao juu ya nguo ya kuazima, ila mwisho wake haufai ukurasa huu.)

Sasa tazama statasi za WhatsApp. Kijana wa mwaka wa pili, wala hasomi udaktari, amejipiga picha na koti jeupe la maabara, mkononi ana chupa ya habasoda: inatibu kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Mwingine hana koti, ana kanzu na kilemba, na jina lake limeota "Sheikh" kwa mbele. Wa tatu amepanda juu zaidi. Kwenye lebo ameandika "Dawa ya Mtume".

Hapa ndipo ninapoogopa. Hadithi ya habasoda ni sahihi, imo katika Bukhari, na mimi mwenyewe naitumia. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuisema kuhusu chupa yako, hakukupangia vijiko vingapi kwa mgonjwa gani, wala hakumwambia mtu aache vidonge vyake. Ukiliweka jina lake kwenye lebo, mteja hakuamini wewe tena, anamwamini Mtume, na pesa unapokea wewe.

Nasoma famasia. Mwaka jana, wakati wa mafunzo kwa vitendo, alikuja mama mmoja aliyekuwa ameacha dawa za presha miezi miwili. Kipimo kilisoma 190 kwa 110. Alikuwa akinywa mafuta aliyouziwa na kijana wa msikiti wa chuo. Nilipomuuliza kama kijana yule alikuwa na ujuzi wa dawa, alinitazama kana kwamba nimemtukana mtu. "Mwanangu, yule anaswali," akasema. Hakumkasirikia hata kidogo. Alhamdulillahi, tulimrudisha kwenye dawa kabla hajapata kiharusi.

Swala ya yule kijana ilikuwa ya kweli. Ndiyo maana jambo hili ni zito kuliko lile koti. Na Abu Daud amepokea kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa ujuzi huo, madhara yakitokea yako juu yake.

Mtu atauliza: basi nisiseme ninachokijua? Sema. Nabii Yusuf (a.s.) alimwomba mfalme amweke juu ya hazina za nchi, akajieleza kuwa ni mlinzi na mjuzi. Ila soma aya zilizotangulia: alikataa kutoka gerezani mpaka kesi yake ichunguzwe. Na Bibi Khadija (r.a.) alimpa Mtume mali yake aipeleke Sham kwa sababu habari za uaminifu wake zilikuwa zimemfikia kutoka kwa watu. Msafara uliporudi, aliyeeleza aliyoyaona njiani alikuwa Maysara.

Kwa hiyo mwambie mteja mafuta yamekamuliwa wapi, lini na nani. Kama unasoma kilimo au chakula, sema, na useme uko mwaka wa ngapi. Alama ya Q ya UNBS, au neno "halali" lenye muhuri, usiichapishe kama hakuna aliyekuja kukagua. Na tunapompelekea ustadhi chupa ya bure ili tumpige picha akiishika, wateja waambiwe kuwa alipewa.

Aliyekwisha kuuza kwa lebo za namna hii, namba za wateja bado zimo kwenye simu yake. Awaandikie leo kwamba mafuta ni mazuri, na dawa za hospitali wasiziache. Anayetaka pesa yake arudishiwe.

Wabillahi taufiq.