Anza na Magurudumu, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, umesema unataka kuunda treni ndogo kwa mikono yako mwenyewe, halafu ukaniuliza: skeli ipi? Niambie kwanza treni ipi. Zile injini za Garratt za aina ya 59, zilizovuta mizigo baina ya Mombasa na Nairobi, zilipita kwenye reli ya upana wa milimita 1,000. TAZARA, reli ya kutoka Tanzania hadi Zambia, ni milimita 1,067, maana ilibidi iungane na reli ya Zambia. Hizo 67 usizidharau.

Bodi ya treni utaiunda kwa boksi, bati na gundi. Magurudumu yasiyoyumba na mota isiyokwama ni kazi ya kiwanda. Vitu hivyo utavinunua, navyo huuzwa kwa vipimo maalumu vya reli: milimita 9, 12, 16.5, 32, 45. Basi chukua upana wa reli ya kweli, ugawanye kwa ule utakaoupata dukani; jibu ndilo skeli yako. Ukigawa 1,067 kwa 16.5 unapata karibu 65. Ndiyo maana waundaji wa New Zealand, ambao reli yao ina upana uleule wa TAZARA, wamezoea 1:64. Ukigawa 1,000 kwa 45 unapata 22.2, karibu kabisa na 1:22.5 iliyozoeleka. Kwa 12 unapata 83, lakini wengi hutumia 1:87 na reli inazidi upana kidogo. Anayelalamika, mwache ahesabu.

Kisha pima chumba chako. Garratt hiyo ilikuwa na urefu wa karibu mita 32. Kwa 1:87 inakuwa sentimita 36 na ushei, inakaa mezani. Kwa 1:22.5 inafika mita 1.4, na wewe umepanga chumba kimoja! Ila udogo nao una gharama: chuma cha kushikilia chenye unene wa sentimita 3 kinageuka karibu milimita 0.3 kwa 1:87, uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme. Kuukunja sawasawa kunataka macho ya ujana na subira ya uzee.

Mimi ningekushauri 1:64, TAZARA, na uanze na behewa la mizigo. Garratt yenye magurudumu 16 ya kuendesha iache kwanza. Chora ubavu wa behewa kwa ukubwa kamili wa hilo dogo utakaloliunda, ukate kwenye boksi, ukae nao mezani wiki nzima. Ukiridhika, ndipo utoe pesa ya magurudumu.