Bei ya Kutambuliwa

Tarehe 8 Septemba 1975, jarida la Time la Marekani lilitoka na picha ya sajenti wa Jeshi la Anga, Leonard Matlovich, akiwa amevaa sare na nishani zake kifuani. Alikuwa amepigana Vietnam kwa vipindi vitatu, akajeruhiwa na bomu la kutegwa ardhini, akatunukiwa kwa ushujaa na kwa majeraha. Mwezi Machi mwaka huo alikuwa amemkabidhi mkuu wake barua ya kueleza kwamba yeye ni mpenzi wa jinsia moja. Kabla mwaka haujaisha, jeshi likamfukuza. Alifariki mwaka 1988, na jiwe la kaburi lake mjini Washington linasema kwamba alipewa nishani kwa kuua wanaume wawili, akafukuzwa kwa kumpenda mmoja.

Waliomtetea Matlovich walianza karibu kila mara na nishani. Mtazameni, walisema, amemwaga damu kwa ajili ya nchi hii, mnawezaje kumkana? Hoja hiyo ina nguvu, na ndani yake mna dhana ya zamani sana: kwamba mtu aliyetengwa anaweza kununua nafasi yake miongoni mwa wenzake, na kwamba vita ndilo soko ambako ununuzi huo hufanyika. Dhana hii haichunguzwi mara kwa mara, kwa sababu anayeisema huwa anatetea haki. Lakini ipo aina moja ya vitabu iliyoizungukia kwa miongo zaidi ya mitatu, ikaipekua kutoka pande nyingi, nayo ni riwaya za fantasia wanazosoma vijana, zile ambazo shujaa wake anampenda mtu wa jinsia yake huku majeshi yakikusanyika mpakani na viumbe wa ajabu wakipita angani. Wengi huzidharau. Ni kosa kuzidharau.

Dhana yenyewe ina ukoo mkubwa. Katika Karamu ya Plato, Faidro anatoa hoja kwamba jeshi la wapendanao lingeshinda mataifa yote, kwa kuwa hakuna atakayekubali kuonekana mwoga mbele ya ampendaye. Wathebe walikuwa na kikosi cha namna hiyo, wanaume 300, jozi 150 kwa maelezo ya Plutarko, waliosimama imara hadi kuangamia mbele ya Filipo wa Makedonia huko Khaeronea mwaka 338 kabla ya Kristo. Sifa hizo ni nzuri, lakini zinasifu nini? Mapenzi yao yanapewa heshima kwa sababu yaliufaa mkuki. Hakuna anayeuliza iwapo jozi moja kati ya hizo ingestahili heshima ileile kama ingebaki nyumbani ikilima mizeituni.

Hegel aliipa dhana hiyo umbo lake la kifalsafa mwaka 1807. Nafsi mbili zinakutana, kila moja ikitaka kutambuliwa na nyingine, na zinapambana hadi ukingoni mwa kifo. Anayekubali kuhatarisha uhai wake anakuwa bwana, na anayeogopa anakuwa mtumwa. Wasomaji wengi huishia hapo. Hegel mwenyewe haishii hapo: bwana anagundua kwamba ushindi wake ni mtupu, maana anatambuliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe hamhesabu kuwa sawa naye. Kutambuliwa kunakotolewa kwa woga au kwa dhiki hakumshibishi anayekupokea.

Tukirudi kwenye riwaya za fantasia, Mercedes Lackey alichapisha Magic's Pawn mwaka 1989, mwaka mmoja baada ya Matlovich kufariki na mwaka mmoja baada ya Uingereza kuzikataza serikali za mitaa, kwa Kifungu cha 28, zisihamasishe mapenzi ya jinsia moja. Kitabu hicho hakikutolewa kama kitabu cha vijana, lakini vijana wengi walikisoma kana kwamba wameandikiwa wao. Vanyel Ashkevron ni mtoto wa kiume wa mtawala mdogo, anapenda muziki kuliko upanga, na baba yake anamwona kama aibu ya nyumba. Anapelekwa mji mkuu kwa shangazi yake, anampenda kijana mwenzake, Tylendel, kisha anampoteza kwa kisasi cha koo mbili zinazochinjana. Vitabu viwili vilivyofuata vilitoka mwaka 1990. Kimoja kinaanza Vanyel akirudi kutoka mpaka wa Karse akiwa amechoka hadi mifupani, mchawi aliyelazimika kufanya kazi ya watu kadhaa. Kingine kinamalizika kwa kifo chake katika njia ya milimani kaskazini, akiwa yeye na kiumbe wake mweupe mwenye umbo la farasi tu mbele ya jeshi zima. Baada ya hapo ufalme wake, Valdemar, unamwimba.

Wapo waliookolewa na kitabu hicho, na ni haki yao kukipenda. Kumwona shujaa wa namna hiyo katika fantasia ya mwaka 1989 lilikuwa jambo zito. Lakini ukikisoma kwa makini unaona ukubwa wa malipo. Vanyel analipa kwa usingizi wake, kwa ujana wake, kwa kila mtu anayemkaribia, mwishowe kwa uhai. Baba yake analainika polepole, kadiri sifa za mwanawe zinavyokua. Msomaji wa miaka kumi na mitano anaweza kufunga kitabu akiwa amejifunza kwamba atapendwa, naam, mradi awe mkubwa kuliko wote na afe kwa ajili yao.

Humohumo, hata hivyo, Lackey ameweka jambo linalokwenda kinyume na hesabu hiyo, na limewekwa kwa viumbe. Yule farasi mweupe, Yfandes, anamchagua Vanyel usiku ambao hajafanya lolote la kusifiwa. Amevunjika, anataka kufa, na maafa yaliyotokea yanamgusa. Yfandes anamchagua kwanza, na utumishi unakuja baadaye. Wanadamu wa Valdemar wanatoa heshima kwa awamu, wakipima matendo, lakini kiumbe asiye mwanadamu anatambua nafsi kabla ya tendo. Ni kweli kwamba kuchaguliwa huko kunaleta wajibu mzito, lakini wajibu unaozaliwa na upendo una sura tofauti na ule unaolipwa ili upendo upatikane. Kant aliliandika wazo hili bila farasi mwaka 1785: vitu vina bei na vinaweza kubadilishwa na vingine, lakini mtu ana hadhi, na hadhi haina cha kubadilishana nacho.

Je, Kant ana hoja yoyote ya kumpa shujaa aliyeishiwa nguvu? Hapo ndipo Rainbow Rowell anapoingia. Katika Carry On ya mwaka 2015, Simon Snow ni mteule, kijana yatima mwenye nguvu za uchawi kuliko mtu yeyote, anayelelewa kama silaha ya vita vya wakubwa. Adui yake wa bwenini, Baz, ni mnyonya damu, kiumbe ambaye jamii yao ya wachawi ingemhukumu kwa kuwepo kwake tu. Wanapendana. Ili kuzima hatari kuu Simon anaitoa nguvu yake yote, akabaki na mabawa na mkia wa joka mgongoni, bila uchawi hata chembe. Riwaya nyingi zingekomea kwenye busu na kushangilia. Rowell alirudi mwaka 2019 na Wayward Son, na humo tunamkuta Simon amelala kwenye kochi jijini London, hawezi kuamka, hawezi kuamini kwamba Baz bado anamtaka. Aliyefundishwa tangu utotoni kwamba thamani yake ni matumizi yake hajui afanye nini matumizi yakiisha. Baz hajabadilika hata kidogo, na hilo haliwezi kumwingia Simon akilini. Ukitaka kuona madhara ya ile dhana ya soko ndani ya mtu mmoja, kurasa za mwanzo za kitabu hicho zinatosha.

Sarah Rees Brennan, mwandishi wa Ireland, alikwenda mbali zaidi mwaka 2017. In Other Lands inamchukua Elliot, mvulana wa miaka 13 mwenye mdomo mkali, inamvusha ukuta ambao watu wengi hawauoni, inampeleka kwenye kambi ya mpakani ambako watoto hufundishwa kupigana. Anatakiwa achague: mafunzo ya vita au mafunzo ya baraza. Anachagua baraza, anatangaza kwamba hataki vita, na kwa miaka kadhaa anadharauliwa kwa uchaguzi huo. Anasoma mikataba ya zamani, anajifunza lugha za watu wengine, anauliza kwa nini nguva na haripi wanaitwa maadui wakati hakuna aliyezungumza nao. Anavutiwa na wasichana na wavulana pia. Anampenda kwanza Serene, msichana wa kabila la waelfi ambako wanawake ndio askari na wanaume ndio wanaolindwa wasiumie, kisha moyo wake unatua kwa Luke, kijana wa ukoo maarufu kuliko yote kwa vita.

Hapa pana pingamizi ambalo halipaswi kupitwa haraka. Elliot anakula chakula cha kambi inayolindwa na wengine. Luke na Serene wanapanda farasi, wanarudi na damu, na yeye anapata muda wa kusoma kwa sababu wao wako nje. Je, anayekataa upanga ana haki ya kudai nafasi sawa na anayeubeba? Pingamizi hilo linathibitisha kwamba askari anadaiwa shukrani. Halithibitishi kwamba asiye askari ni pungufu ya mtu, na kuyachanganya mambo hayo mawili ndiko kulikomponza Simon kwenye kochi lake. Zaidi ya hapo, mikataba anayoichambua Elliot inazuia vifo vya kweli. Brennan haandiki amani kama unyonge. Anaiandika kama kazi yenye kuchosha ambayo haina ngoma wala nyimbo.

Hata hivyo kitabu hiki chema kina mahali kinapopwaya. Luke anagundulika kuwa nusu haripi, wa jamii ile yenye mbawa ambayo watu wa kambi wamezoea kuiita ya mazimwi, na mabawa yanamwota. Wenzake wanampokea. Wanampokea kwa urahisi, lakini alikuwa tayari bingwa wao. Haripi wa kawaida, asiye na ukoo wenye jina wala upanga mzuri, angepokewa vipi? Elliot angemtetea, hilo halina shaka. Kambi nzima je?

Akwaeke Emezi, mzaliwa wa Umuahia nchini Nigeria, analianza swali hilo upande wa pili katika Pet, iliyotoka mwaka 2019 na kufika fainali ya Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Vita vimeshapiganwa kabla ya ukurasa wa kwanza. Mji wa Lucille umewaondoa wakatili wake, nao unawaambia watoto kwamba mazimwi hayapo tena. Jam ni msichana aliyevuka jinsia. Alikuwa mdogo sana alipowajulisha wazazi wake kuwa yeye ni msichana, wakamsikia, basi. Hakuna tendo la ushujaa linalotangulia, hakuna malipo, wala riwaya haihangaiki na suala hilo. Kisha kutoka kwenye mchoro wa mama yake anatoka kiumbe wa kutisha mwenye pembe na manyoya, anayesema amekuja kuwinda mkatili aliyejificha katika nyumba ya rafiki wa Jam. Watu wazima, kwa kuamini kwamba vita vimekwisha, hawataki kutazama. Jam anatazama, na kiumbe anapotaka kuua, anamzuia. Msichana huyu hana nafasi anayoitafuta kwa damu ya mtu, na hana wa kumwonyesha kwamba anastahili kuwa miongoni mwao; anachotaka ni mkatili akiri alichofanya na mji usikie.