Taa Niliyoiziba kwa Plasta

Pikapu ilisimama ndani ya ua wa kayaba. Anayeijua Loresho anaijua kayaba: miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia, ua uliopandwa kumzuia ng'ombe na mwizi kwa pamoja. Siku hiyo ulinizuia mimi. Miche ya jakaranda ilitawanyika barabarani, samadi ikachuruzika na maji ya mvua, na askari wa lango akatoka na rungu, akanitazama, akalishusha.

"Pole, mama," akasema. "Lakini mwenye ua huu ni mkali."

Ilikuwa asubuhi ya Aprili, mvua inanyesha tangu usiku. Nilikuwa nateremka na mzigo, taa zinawaka, waipa zinakwenda, feni ya kufuta ukungu kwenye kioo inavuma. Gia nilikuwa nimeiachia huru ili kuokoa dizeli, maana hesabu za mwenye kitalu cha miche huanzia kwenye tangi. Nilikanyaga breki mara ya kwanza, ikashika. Mara ya pili ikashika kidogo. Mara ya tatu pedali ikawa jiwe.

Breki mbovu ina lugha mbili, na mguu ndio unaozisikia. Pedali ikizama hadi sakafuni, laini kama unakanyaga mkate, shida iko kwenye mafuta ya breki: yanavuja, yameingia hewa, au mipira ya masta silinda imechoka. Hapo kukanyaga mara kadhaa harakaharaka husaidia, kwa kuwa kila pigo husukuma mafuta zaidi. Pedali ikigoma juujuu, ngumu, haishuki, basi kwa kawaida mafuta hayana neno. Kilichokosekana ni msaada. Busta, kile chungu cha bati jeusi kilicho nyuma ya masta silinda, imeishiwa vakyumu. Ukikanyagakanyaga hapo unajimaliza mwenyewe, kwani kila pigo linakula vakyumu kidogo iliyobaki. Kanyaga mara moja, kwa nguvu zako zote, kwa miguu miwili ikibidi, wala usiachie; shusha gia, vuta hendibreki. Breki bado ipo, ila sasa unaisukuma peke yako.

Mimi nilifanya kinyume. Niliipiga pedali kama mtu anayetwanga mahindi. Kayaba ikamaliza kazi.

La kuaibisha ni kwamba pedali ilikuwa imenionya kwa miezi mitatu. Fundi wangu wa siku zote alibadilisha pedi za mbele, akabadilisha shuu za nyuma, akatoa hewa kwenye mabomba, akaweka masta silinda mpya. Mwisho akanituma Grogan, kule karibu na Kirinyaga Road, nikanunua busta ya mtumba kutoka Japani. Simlaumu sana. Kila alipolijaribu gari ilikuwa adhuhuri, barabara kavu, taa zimezimwa, na breki zilishika vizuri kabisa. Kila kitu alichokigusa kilikuwa karibu na mguu, kwa kuwa mguu ndio uliokuwa unalalamika.

Gari lilivutwa hadi Kangemi, kwa fundi mwingine, mzee aliyekaa kwenye kiti cha matatu kilichong'olewa. Hakuinama kutazama magurudumu wala hakugusa pedali. Aliniuliza swali moja.

"Mama, taa ya betri huwaka?"

Nikasema huwaka kidogo mvua ikinyesha, lakini betri haina shida, gari linashika kila asubuhi. Kijana wake alikuwa ameshaingia kwenye kiti cha dereva. "Mzee, hii taa mathe ameiziba," akasema, akacheka. Ni kweli. Ule wekundu wake ulikuwa unanisumbua macho nikiendesha usiku, nikakata kipande cha plasta ya kidonda nikaubandika.

Ili kuelewa kwa nini mzee alianzia hapo, yafaa kujua jinsi dizeli inavyopumua. Injini ya petroli ina kibati kinachobana hewa inayoingia. Mguu ukitoka kwenye mafuta, kibati hufunga, injini huvuta bila kupata, na mvuto huo ndio vakyumu ya busta, ya bure. Dizeli ya zamani haina kibati hicho. Huvuta hewa inavyotaka, kwa hiyo hakuna vakyumu ya maana pale. Lazima ipewe pampu, na katika injini nyingi za pikapu tulizozizoea, kama 2L na 3L za Toyota au 4JA1 ya Isuzu, pampu hiyo imefungwa mgongoni mwa olteneta. Shafti ni moja. Kinachozungusha olteneta ndicho kinachozungusha vakyumu ya breki, na kinachozungusha vyote viwili ni mkanda wa mpira.

Mzee alimwambia kijana awashe gari, awashe taa zote, waipa na feni. Akachomoa bomba la vakyumu kwenye busta, akanipa niweke kidole gumba. Lilininyonya vizuri. Kisha akachota maji kwa kikopo, akaunyunyizia mkanda. Ukalia mlio ninaoujua, ule niliozoea kuuita "kilio cha mvua". Kijana akabandua plasta: taa nyekundu inawaka. Kwenye kidole changu mvuto ulikuwa umefifia, kama mtoto anayenyonya bila njaa.

Aliizima injini, akaufungua mkanda, akaupindua mkononi. Upande wa ndani, ule mwembamba, uling'aa kama kiatu cha askari.

"Mkanda wa namna hii hushika kwa mbavu," akasema. "Huu umekaa kwa tumbo."

Ulikuwa mwembamba kuliko inavyotakiwa. Ulizama hadi chini ya mfereji wa puli, mbavu zake zikabaki hazibani chochote. Kwenye ukavu, bila mzigo, uliendelea kuzungusha. Ukiwasha taa na waipa, olteneta huwa nzito. Ongeza maji, mkanda unateleza. Ongeza gia huru, injini inanguruma polepole, pampu nayo inalegea. Na aliyeununua ni mimi mwenyewe, Desemba, njiani kwenda ushago, baada ya ule wa zamani kukatika. Muuzaji hakuwa na saizi yangu. Aliniambia huu utaingia, na kweli uliingia.

Mkanda mpya uligharimu chini ya chakula cha mchana cha watu wawili mjini. Baada ya kuukaza, bomba lilinyonya kidole hata kwenye maji, ngozi ikabaki na duara jekundu. Mzee akaunganisha kipimo, kikasoma inchi 22. Kijana, simu mkononi, akabisha kwamba kitabu cha gari kinataka 26. "Hicho kiliandikiwa watu wa pwani," mzee akamjibu. Nairobi iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na kanieneo ya hewa huku ni kama nne kwa tano ya ile ya Mombasa. Busta husukumwa na hewa ya nje ikiukimbilia utupu ulio ndani, kwa hiyo hata ikiwa nzima, huku kwetu msaada wake ni pungufu.

Kabla sijaondoka alinionyesha vipimo visivyohitaji chombo. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali mara tano mpaka iwe ngumu, kandamiza mguu hapohapo, kisha washa: pedali ishuke kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, vakyumu haifiki au busta imepasuka kiwambo, na ikipasuka mara nyingi utaisikia ikipumua "sss" miguuni. Kisha zima gari, kaa dakika tano, kanyaga: pigo la kwanza liwe laini. Likiwa gumu, vali ya njia moja kwenye bomba inavujisha, au bomba lenyewe. Alipitisha pia kitambaa ndani ya bomba kutafuta oili. Pampu hupakwa oili ya injini, na sili zake zikichoka oili hiyo husafiri hadi kwenye busta na kuula mpira wake. Na aliwahi kuona, alisema, pikapu iliyofungwa olteneta ya gari la petroli, isiyo na mkia wa pampu. Betri ilijaa vizuri sana.

Nilimuuliza kuhusu busta yangu ya kwanza, ile iliyotolewa. Akasema niilete aipime, huenda ilikuwa nzima, nami ningeiuza Grogan nipunguze hasara. Nilikuwa nimeshamwuzia muuza vyuma chakavu, kwa kilo, wiki mbili kabla.