Kusindikiza Mugonjwa Mbele ya Kilio

Hapa Lubumbashi kila mutu anajua namna kilio kinavyopangwa. Mutu akikufa asubuhi, mbele ya saa sita viti viko tayari katika lupango, wamama wa avenyu wameleta unga na makala, na mwenye daftari anaandika muchango wa kila mumoja. Watu wanalala inje bila kunung'unika. Desturi hii ni nzuri, hatuko hapa kwa kuitukana. Lakini kuko swali lenye kutusumbua: wale watu wote walikuwa wapi wakati mugonjwa alikuwa angali anapumua?

Tunauliza hivi juu jambo hili lilitupata sisi wenyewe. Baba mudogo wetu aligonjwa kansa ya tumbo. Mahali alipotunzwa, waliita familia pembeni, wakasema hakuna tena cha kufanya, mumurudishe nyumbani. Yeye tulimwambia: "Baba, ni vidonda vya tumbo tu, utapona." Miezi miwili alilia usiku, na sisi tulikuwa na vidonge vya kichwa tu. Majirani walipunguza kupita, kwani hawakujua la kusema. Siku moja alituuliza: "Kama ni vidonda, juu ya nini munaniangalia vile?" Tukanyamaza. Pesa ya dawa haikupatikana miezi miwili. Pesa ya sanduku ilipatikana siku moja. Na kwa sababu tulimuficha, hakuacha neno. Mpaka leo watoto wake wanagombania lupango.

Kuko njia ingine. Mwaka 1967 Cicely Saunders, aliyekuwa muuguzi kisha munganga, alifungua katika London nyumba ya kutunza watu wenye ugonjwa usiopona, yaani ospisi. Alifundisha kwamba maumivu ya mugonjwa si ya mwili tu: kuko ya mawazo, ya roho, na ya mambo ya familia yasiyotengenezwa. Mwaka 1993 kazi ya namna hii ilianza Kampala, kwa jirani zetu wa Uganda. Kule morfini inachanganywa na maji, mugonjwa anainywa akiwa kwake nyumbani, na tangu 2004 sheria inaruhusu hata wauguzi waliofundishwa kazi hiyo kuiandika. Muuguzi anatembelea nyumba. Anaonyesha familia namna ya kumugeuza mugonjwa, kusafisha vidonda, kulowanisha midomo iliyokauka. Anasaidia kusema ukweli pole-pole, kadiri mugonjwa mwenyewe anavyouliza. Kisha kifo, hawaachi wafiwa peke yao.

Wengine watasema: "Hayo ni ya wazungu. Kwetu, kumwambia mutu anakufa ni kumuua." Lakini tukumbuke wazee wetu. Muzee akisikia siku zake zimepunguka, aliita watoto, akagawanya vitu, akasamehe, akabariki. Hakuna aliyesema muzee anaita kifo. Basi kuficha si desturi yetu, ni woga wetu. Ni kweli, kuko mugonjwa asiyetaka kujua, na huyo tumuheshimu, tusimulazimishe. Lakini mwenye kuuliza anastahili jibu, na mwenye kulia usiku anastahili dawa.

Watu walisema zamani: mficha maradhi, kilio humfichua. Sisi kilio kilitufichua. Njo maana tunaomba jambo moja kwa wazazi na vijana wa muji huu: daftari la muchango lifunguliwe wakati mugonjwa angali kitandani. Mumoja alipe dawa, mwengine alale naye usiku mumoja ili mama wa nyumba apumuzike, mwengine aende kuuliza waganga kuhusu dawa ya maumivu. Na mwenye kukosa yote akuje kukaa tu pembeni ya kitanda. Hata kiti chake hakitakodishwa.