Mtoto wa Lugha Mbili

Je, mtoto afunzwaye kwa lugha mbili hugawanyika moyo? Mwaka 1952 ilianzishwa shule huko Saint-Germain-en-Laye, karibu na Paris, kwa watoto wa watumishi wa makao makuu ya majeshi ya NATO. Makao hayo yalihamia Ubelgiji mwaka 1967. Shule ikabaki, nayo hadi leo yapokea watoto wa mataifa mengi. Masomo mengi hufunzwa kwa Kifaransa, lakini fasihi, na sehemu ya historia, hufunzwa kwa Kijerumani, Kiingereza, Kijapani au lugha nyingine aliyokuja nayo mtoto.

Mapigano ya Waterloo ya mwaka 1815 kwa Mfaransa ni msiba, kwa Mwingereza ni fahari. Mtoto asikiaye yote mawili hana budi kupima mwenyewe. Wako wahofuo kwamba atakosa kwao. Mimi namhofia zaidi asikiaye upande mmoja tu.

Tena pale lugha ya nyumbani hutahiniwa, maana yake yaheshimiwa. Katika sekondari niliyosoma mimi, aliyenaswa akisema Kiswahili alivishwa kibao shingoni. Nilikivaa mara mbili, na siku hizo sikuthubutu kumwuliza mwalimu swali lolote.